Idi Haikusoma Ratiba

Siku hizi nasikia kuna watu wanalipwa kwa kuwafundisha wenzao namna ya kuipanga siku. Hongera zao. Mie nilifundishwa bure, Temeke, wakati wa Mwingereza, na karani mpangaji wa chumba cha mbele, na mpaka leo sijui nimshukuru au nimwombee dua.

Nilikuwa nimeachika. Nalisema mapema ili msihangaike kuulizana. Mume alikwenda Tanga kwenye mashamba ya mkonge, akaoa hukohuko, akaniletea talaka kwa mkono wa mtu aliyekuwa anakuja mjini kwa shughuli zake nyingine. Nilipomaliza eda nikachukua vilivyo vyangu, yaani kanga, masufuria na cherehani ya mkono niliyopewa katika mahari, nikarudi kwa kaka yangu. Cherehani ile ndicho kitu pekee ambacho ndoa ile iliniachia na bado kikawa kinafanya kazi.

Kaka alikuwa nyapara wa wapagazi bandarini. Mtu anayeshinda kutwa nzima akiwafokea wenzake hawezi kuiacha sauti hiyo getini jioni akitoka. Aliibeba mpaka nyumbani, akaitumia kuombea chumvi. Alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka mingi, wazazi wetu wametangulia, na aliyebaki ni shangazi yetu, dada wa baba, aliyekaa chumba cha uani na kuzisikia habari zote za nyumba ile hata zile zilizosemwa kwa kunong'ona.

Nikaanza kushona. Mafundi wote niliowajua mtaani walikuwa wanaume, wamekaa kwenye baraza za maduka, futi shingoni, wanachungulia wapita njia. Mwanamke kukaa barazani na cherehani kungemfanya kaka azimie, basi mie nilikaa ukumbini, karibu na mlango wa uani, wateja wangu wakawa wanaingia kwa nyuma. Ikawa ndiyo bahati yangu. Wanawake walikuwa wamechoka kupimwa kifua na fundi wa kiume huku mume amesimama pembeni anamkodolea macho fundi. Kwangu walipimwa, wakanywa maji, wakasema yao yote, wakaondoka wepesi.

Mipango ya biashara yangu ilikuwa miwili. Wa kwanza, kitambaa kikifika nakikata palepale, mteja mwenyewe anaangalia, hata kama sitakigusa tena mpaka wiki ijayo. Kitambaa kizima kina miguu. Mtu akikasirika anakitia kwapani anakwenda nacho kwa fundi mwingine. Kikishakatwa hakina pa kwenda, na mwenyewe hana budi kusubiri. Mafundi wote wanaufanya mchezo huu na wote wanaapa hawaufanyi. Mpango wa pili ulikuwa kamba. Nilifunga kamba ukumbini, nikatundika vitambaa kwa zamu, cha aliyetangulia mbele, cha aliyechelewa nyuma. Akija mwenye kelele, nasogeza chake mbele anaona, akiondoka nakirudisha. Kwa mipango hiyo miwili niliishi vizuri na sikuwa na haja ya kufundishwa na mtu.

Sasa palikuwa na mzee mmoja mwenye duka la vyakula njia panda. Wake alikuwa nao wawili, na inaelekea walikuwa wamempungukia. Siku alipokuja kuzungumza na kaka barazani, mie nilikuwa ndani nageuza pindo, na masikio yangu hayana adabu. Hakuuliza umri wangu. Hakuuliza kama nina afya. Aliuliza cherehani ina miaka mingapi, na kama mie ni mtu wa kumaliza kazi kwa wakati, maana alikuwa na wazo la kuuza nguo za watoto dukani pamoja na mchele na mafuta ya taa. Kwa maneno mengine alikuwa anaposa fundi, na bikizee wa kumkandia mgongo apewe kama bakshishi. Na mie wakati huo wala sikuwa bikizee.

Kaka alimpenda sana mzee yule, kwa sababu mzee yule alimwita "bwana mkubwa" na kumkopesha sigara. Aliponiambia, nilimjibu sitaki. Akaniuliza nitaishi vipi. Nikamwambia ninavyoishi sasa. Akacheka, akasema kushona ni mchezo wa kupotezea muda mpaka mume apatikane, na kwamba nyumba yake haiwezi kuwa soko la wanawake wanaoingia kwa mlango wa uani wakilalamikiana magauni. Tukabishana mpaka shangazi akatoka chumbani kwake na kuketi katikati yetu kwenye kigoda.

Hapo ndipo kaka alipotoa hukumu yake ya kinyapara. Ramadhani ilikuwa inaingia. "Haya," alisema, "nakupa mwezi huu. Pokea kazi za Idi kama mafundi wengine. Siku ya Idi, kama hakuna mtu aliyesimama kwenye baraza yangu kulalamikia nguo yake, endelea na cherehani yako na mie sitasema tena habari ya mume. Akisimama mmoja tu, mmoja, namwambia mzee alete barua ya posa." Shangazi akasema amesikia. Mie nikasema nimekubali. Na nilikubali kweli, maana nilikuwa na kiburi, na kamba.

Karani alisikia mambo haya yote kwa sababu chumba chake kilipakana na ukumbi. Alikuwa kijana wa bara, Mkristo, msafi kupita kiasi; asubuhi alipiga pasi mpaka leso. Alifanya kazi katika ofisi moja ya serikali, na ofisi hiyo ilikuwa imemwingia mwilini. Kesho yake alikuja kusimama mbele ya kamba yangu akiwa ameweka mikono nyuma.

"Dada," aliniambia, "samahani. Unafanyaje kazi bila ratiba?"

Nikamwambia nafanya kwa mikono.

Hakuudhika. Watu wa namna yake hawaudhiki, ndiyo shida yao. Alinieleza kwamba mtu anayefanya kazi peke yake ni ofisi nzima, yeye ndiye bwana mkubwa, ndiye karani na ndiye tarishi, na asipojipangia saa basi bwana mkubwa na tarishi watagombana. Niliangalia ukumbi wote nikaona ni mie tu. Lakini nilikuwa na hofu moyoni, na mtu mwenye hofu anasikiliza hata upuuzi. Nikamwambia haya, andika.

Akaandika. Karatasi kubwa, ameipiga mistari kwa rula, kila siku ya mfungo na kijumba chake. Saa mbili mpaka saa nne kukata. Saa nne mpaka saa sita kushona. Saa nane mpaka saa kumi kupiga pasi na vifungo. Alipofika mwisho wa karatasi akatoa kalenda aliyopewa na mwenye duka mmoja wa Kihindi mjini, yenye picha ya mlima na theluji, akaonyesha kwa kidole Idi ilipochapishwa. Siku thelathini kamili.

Nikamuuliza na mwezi ukiandama siku ya ishirini na tisa?

"Imechapishwa, dada," alisema karani, kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto kwamba moto unaunguza.

Nikaenda kumuuliza kaka, maana yeye angalau alikuwa Mwislamu. Kaka naye alikuwa na elimu yake. Alisema mwaka jana tulifunga pungufu, mwaka juzi pungufu, basi mwaka huu ni lazima iwe kamili, mwezi hauwezi kuwafanyia watu hivyo mara tatu. Pale barazani alipokuwa akinywa kahawa na wenzake, wote walikuwa wanajua jambo hilo. Mtaa mzima ulikuwa unajua. Wanaume wenye ndevu zao walikwisha kuupangia mwezi wa mbinguni zamu, kama wapagazi wa meli. Mie nilikuwa nani nipinge ofisi ya serikali na baraza la kahawa kwa pamoja? Ratiba ikabandikwa ukutani.

Niwaambie jinsi ratiba ile ilivyokwenda. Saa mbili asubuhi, kukata. Saa mbili na robo anaingia jirani kuniambia shemeji yake amefiwa Mbagala, twende. Siku hiyo ikaliwa. Kesho yake saa nne, kushona. Saa nne hiyohiyo shangazi anataka nimkunie nazi kwa sababu kiganja kinamuuma, na kiganja cha shangazi kiliuma kila Ramadhani. Saa nane, kupiga pasi. Mkaa umekwisha, muuza mkaa amelala msikitini. Na kila jioni ukumbi ulilazimika kuwa jiko, kwa sababu nyumba nzima inafuturu, na kaka akifuturu bila mihogo ya nazi anajiona amefiwa. Karani alirudi kutoka kazini, akaiangalia karatasi, akauliza leo tumefikia kijumba gani. Nilitamani nimlishe kile kijumba.

Lakini nitampa haki yake, maana kuna kitu kimoja ratiba ile ilikifanya vizuri, na yeye mwenyewe hakukikusudia. Iliwanyamazisha wateja. Zamani mtu akija na kelele zake nilikuwa nahangaika na kamba, sogeza, rudisha. Sasa nilikuwa namsikiliza mpaka amalize, halafu nageuka taratibu, naikazia macho ile karatasi, napitisha kidole, nasema: "Wewe ni Jumatano." Basi. Walikuwa wanatoka bila neno. Mie mwenyewe nilijua kusoma maandishi ya Kiarabu ya chuoni tu. Haya ya kizungu nilikuwa nabahatisha, na huenda Jumatano nyingine ilikuwa Ijumaa. Hakuna aliyeniuliza.

Kumi la mwisho la mfungo lilipoingia, vitambaa vikaanza kumiminika. Hiyo ni desturi yetu na haitakufa leo. Mtu ana mwezi mzima, na kabla yake ana mwaka mzima, na anajua watoto wake wanakua, lakini kitambaa cha Idi lazima kiletwe wakati fundi anakaribia kulia. Kila mmoja aliingia akisema yake ni ndogo tu. Gauni la marinda, mikono ya puto, kola ya lesi, lakini ni ndogo tu, dada, ya mtoto. Mkunga wa mtaa wa pili alileta ya mabinti zake, akataka yote yafanane ili wasigombane. Muuza vitumbua wa jirani akaleta ya wajukuu. Nikapima, nikakata, nikatundika. Karani akaongeza vijumba kwa penseli, akafurahi, nadhani hajawahi kufurahi vile tangu atoke kwao.

Nilishona. Hilo hamtanisikia nikilionea haya. Mkono wa kulia ulikuwa unazungusha gurudumu mpaka bega linawaka, mchana nimefunga, koo limekauka, na kila gauni lililokwisha nililikunja nikaliweka kwenye sanduku nikijisemea: huyu hatasimama barazani. Nilikuwa nawahesabu watu kwa namna hiyo tu. Sikuwaona tena kama majirani. Niliwaona kama midomo inayoweza kunipeleka njia panda kuuza mchele na mafuta ya taa kwa mzee. Usingizini nilimwona mzee yule anapekua cherehani yangu, anaitia mafuta, anaipapasa.

Siku ya ishirini na nane, baada ya futari, kaka akaja na furushi. Kitambaa cha kanzu, doria nyeupe nzuri, ameinunua mjini.

"Na yangu," alisema.

Nikamwambia, kaka, mbona sasa hivi?

"Iweke mwisho. Mie si mgeni humu." Akamwita karani. "Niandike hapo siku ya thelathini. Nitavaa asubuhi ikiwa bado ina moto wa pasi."

Karani akaandika. Kanzu ile sikuikata. Wateja nawakatia mbele ya macho yao wasinikimbie. Huyu angekimbilia wapi, na nyumba ni yake? Niliikunja nikaiweka juu ya sanduku. Kwenye kijumba cha thelathini palikuwa na kanzu hiyo, magauni ya mabinti wa mkunga, ya wajukuu wa muuza vitumbua, na mengine mawili matatu yaliyobakia pindo na vifungo. Siku moja ya kutosha kabisa. Karani alipiga hesabu, akaniambia nitamaliza alasiri na nitabakiwa na muda wa kupumzika. Neno hilo, kupumzika, alilisema akitabasamu.

Siku ya ishirini na tisa jua lilipozama nilikuwa uani nakoroga uji. Nikasikia watoto mwisho wa mtaa wanagonga makopo. Kwanza nikadhani wanafukuza mbwa. Kisha kelele ikaja nyumba kwa nyumba, vigelegele, na mtu akapita mbio anasema mwezi umeonekana, msikitini wamekwisha kutangaza, kesho Idi. Temeke nzima ilikuwa inashangilia. Wanawake wa jirani waliokuwa uani kwetu walikumbatiana. Mie niliketi chini palepale kando ya chungu, kanga imeingia kwenye majivu, nikaanza kulia, na jirani mmoja akanipigapiga mgongoni akisema kweli mwezi mtukufu unapokwenda moyo unauma.

Karani alitoka chumbani na kalenda mkononi. Aliishika karibu na taa akaiangalia tena, ile picha ya mlima, kama vile mlima ungemweleza. "Lakini imechapishwa," alisema. Nilimwangalia mpaka akarudi nyuma hatua moja. Kisha akasema angeweza kuandika ratiba nyingine, fupi, ya usiku. Nikampa sindano na kopo la vifungo nikamwambia akae mkekani.

Hawakuchelewa kuja, wenye magauni. Mkunga aliingia wa kwanza, na muuza vitumbua nyuma yake, na wengine, wamejifunga vibwebwe, nyuso zimekwisha kukasirika kabla hawajajua kuna nini. Nilijua nikiwaacha wafungue midomo nimekwisha. Nikawaambia ukweli: mwezi umenizunguka kama ulivyowazunguka nyie, kwani nani kati yenu alijua ni kesho? Hakuna. Na mwenye kupika wali kesho, nyama ameshanunua? Hajanunua. Basi kaeni. Nikamtupia kila mmoja gauni la mwanawe na uzi. Mie nitapiga mishono mikubwa kwa cherehani, pindo ni lenu, marinda ni yenu, na atakayesema kesho kwamba pindo limepinda, pindo alikunja mwenyewe.

Mkunga aligeuza gauni la mwanawe mikononi. "Wewe mtoto hamnazo," alisema, akaketi.

Kazi ilikwenda. Wanawake wale walishona huku wanasema watu, na watu walisemwa kisawasawa usiku ule, wakiwemo waume zao na mwezi wenyewe. Karani alikaa pembeni na vifungo vyake, shati jeupe, na nitasema haki: alishona vifungo vizuri kuliko alivyopanga siku. Na mie, katikati ya kelele ile, nilikuwa natazama ile doria juu ya sanduku. Kanzu ya mtu mzima, ya Idi, na darizi ya shingoni, haishonwi kwa kurukaruka. Nikiishika, magauni ya watoto yatalala. Nikiwaacha watoto, asubuhi nitakuwa na wanawake barazani. Nikaona upande huu kuna midomo mingi na upande ule kuna mdomo mmoja, na mdomo huo ni wa mwenye baraza. Nani anakwenda kusimama kwenye baraza yake mwenyewe kumlalamikia dada yake? Nikaiacha doria ilale.

Kaka alirudi kutoka kwenye kahawa, amefurahi, ananukia iliki. Alipoona ukumbi umejaa wanawake alisita mlangoni.

"Kanzu yangu?"

"Siku ya thelathini," nikamwambia, bila kuinua kichwa. "Ulisema mwenyewe."

Mkunga akaachia kicheko, na wengine wakafuata. Kaka hakuwa mtu wa kuchekwa na wanawake ndani ya nyumba yake. Alinitazama, akasema, "Haya," akapita chumbani. Niliijua hiyo haya. Mkono ukaendelea kuzungusha gurudumu.

Asubuhi ya Idi kila gauni lilikuwa limekwisha kuondoka. Naomba mlielewe hilo. Kila moja. Watoto wa mtaa ule walikuwa njiani wamevaa kazi yangu, mabinti wa mkunga wamefanana kama alivyotaka mama yao, pindo la mdogo limepinda na hakuna aliyesema neno. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango wa mbele, nachungulia upenyoni, naisikiliza baraza. Wakapita watu. Wakasema Idi njema, wakaenda zao. Hakusimama mtu. Nikaanza kujiambia nimepona.

Kisha kaka akatoka nje amevaa kanzu ya mwaka jana, shingoni imegeuka rangi ya chai. Akasimama kwenye baraza yake, katikati, mahali ambapo hupenda kusimama. Watu walikuwa wanapita kwenda kuswali, wote weupe, wote wapya. Na anayekuja kwa mbali kumpitia ili waongozane alikuwa nani, kama si yule mzee wa njia panda, kanzu yake inameta, kikoi begani.

"Idi njema, bwana mkubwa," mzee alisema. "Mbona hivyo leo? Kanzu iko wapi?"

Hapo kaka akafunguka. Aliifungua ile sauti ya bandarini, ile inayofika mpaka ng'ambo ya meli, na mtaa mzima ukasimama. Alisema ana dada fundi. Alisema amemlisha mwezi mzima akizungusha cherehani, nyumba imekuwa soko, na kaka yake wa tumbo moja hana kanzu ya kuendea msikitini. Alisema dada huyo ni mvivu, hajui kupanga kazi, hajui kipi kitangulie, amepewa kanzu moja tu imemshinda. Hakusema kwamba aliileta juzi usiku. Nadhani kufikia hapo alikuwa ameshaamini mwenyewe kwamba aliileta Shaabani, kabla hata ya mfungo.

"Basi mlalamikaji ni mie," alimalizia, na kumgeukia mzee. "Sharti limetimia. Lete barua yako baada ya Idi."

Nyuma ya mlango nilikuwa bado nimeshika kitasa. Mwezi mzima, bega lile, uzi wote ule, na aliyesimama barazani ni mwenye baraza. Nilimchukia kaka yangu wakati ule, nalisema wazi, na ilikuwa Idi.

Lakini mzee aliinama karibu. Alikuwa anaitazama ile shingo ya chai.

"Kanzu moja," alisema.

"Moja."

"Kwa mwezi mzima."

Kaka angeweza kusema la, juzi tu. Watu wote walikuwa wanamwangalia. Nyapara hajirudii mbele za watu. "Mwezi mzima," alisema.

"Hapana, bwana mkubwa." Mzee alitikisa kichwa kwa huruma, kama mtu aliyeonyeshwa mbuzi akamkuta na kikohozi. "Mie nilisikia ni mtu wa kazi. Nina wake wawili nyumbani ambao hawamalizi kitu. Wa tatu wa namna hiyo nimpeleke wapi?"

"Anashona vizuri," kaka alisema haraka. "Anashona vizuri sana. Ni hii moja tu—"

"Umesema mwenyewe mvivu. Wewe ndiye nduguye, unamjua." Akajifunika kikoi vizuri. "Twende tutachelewa."

Wakaenda. Kaka alitembea hatua moja nyuma ya mzee, ile sauti ya bandarini ameiacha barazani. Barua haikuja baada ya Idi, wala baada ya hapo, na habari ya mume haikutajwa tena katika nyumba ile, kwa sababu kila ikikaribia kutajwa shangazi alikuwa anakohoa.

Nilipaswa nicheke. Wanawake wa uani walicheka mpaka wakashika mbavu. Mkunga alikuja kunisimulia yale yale niliyoyasikia kwa masikio yangu, akaigiza sauti ya mzee. Mie nilikaa mkekani, katikati ya vipande vya uzi na lesi, na nilichokuwa nacho kifuani hakikuwa kicheko. Nimevisha mtaa mzima, na nimeachiwa niishi nipendavyo kwa sababu mtu alitangaza kwamba siwezi. Hakuna aliyesema nimeweza. Hata mmoja, hata kwa bahati mbaya. Nilikuwa nalitaka neno hilo kuliko nilivyojua.

Shangazi akatoka chumbani kwake, ameoga, amejitanda kanga mpya, ananukia udi. Nikainuka nikamwamkia.

"Shikamoo, shangazi. Idi njema."

"Marahaba, mwanangu." Aliangalia kamba tupu, akaangalia sanduku tupu, kisha akaniangalia mie kuanzia kichwani mpaka miguuni, kanga yangu ya jikoni ina majivu tangu jana.

"Na gauni lako liko wapi?" aliuliza.

Nikageukia ile ratiba ukutani. Nikapitisha kidole kijumba baada ya kijumba, kama nilivyokuwa nawafanyia wateja, polepole, mpaka mwisho. Shangazi alisubiri. Kisha akanivua kanga ile ya majivu mabegani, akavua yake mpya, akanitanda mie, akaingia kutafuta ya zamani.